Pale Mkono Wangu Unapofika

Mimi ni mfupi, na jambo hilo nalitaja mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu wa Yoba, mtaa wetu hapa Gitega, ambao wanalisema vibaya. Nikikaa nyuma ya cherehani yangu, mteja anapiga hodi mara mbili akidhani fundi ametoka. Nimezoea. Kinachoniudhi si ufupi, ni wale wanaonihurumia kwa ufupi, na hao nawajibu papo hapo, tena mbele za watu.

Duka langu la kushona limepakana na chumba cha kaka yangu Faridi, chenye meza ya biliyari. Kwa Faridi hakuna pombe. Kuna chai ya tangawizi, sambusa na kelele. Nilianza kucheza kwa sababu ukuta kati yetu ni mwembamba: nilichoka kusikia wanaume wanakosa mpira halafu wanailaumu sakafu. Siku moja niliacha suruali ya mtu bila pindo, nikaingia, nikachukua fimbo, na hadi leo haijanitoka mkononi.

Mchezo wetu wa heshima ni wa wawili wawili. Kila mmoja anapiga mara moja tu, na akiingiza mpira, anayefuata kupiga ni mwenzake wa upande ule ule. Wakikosa, zamu inahamia kwa wapinzani, kwa yule ambaye hakupiga mwisho. Wazee walioanzisha mchezo huo Gitega walituachia sheria mbili ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Ya kwanza, wenzi hawasemezani mchezo ukishaanza, hata kwa jicho. Ya pili, ile fimbo ya kuegemeza yenye kichwa cha chuma, ambayo kwingine wanaitumia mpira ukiwa mbali, kwetu hairuhusiwi. Wazee walisema ni mkongojo. Lala juu ya meza unavyoweza, mradi mguu mmoja ubaki chini. Bila shaka wazee hao walikuwa warefu.

Kwa miaka mingi mwenzangu alikuwa Gervasi. Huyo si mtu wa mjini. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Kibondo, Tanzania, akarudi na wazazi wake akiwa kijana, wakalima Bugendana, nje ya mji. Siku za soko alikuwa anashuka kwa miguu na mikungu ya ndizi, na akishauza anapita kwa Faridi. Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni, na sisi tulimtania kwa hilo, lakini fimbo alijua kuishika. Aliniambia walijifunza kambini kwa gololi, juu ya meza ya mbao waliyoifunika blanketi kuukuu, watoto wakubwa na wadogo wakicheza pamoja kwa kuwa meza ilikuwa moja.

Mimi na Gervasi tulikuwa hatukamatiki. Kila mwaka, Jumamosi inayofuata Idi ndogo, timu yetu inakutana na timu ya Muyinga, na watakaoshindwa wanawapikia wenzao pilau siku ile ile. Muyinga walipika mpaka wakazoea. Mimi niliingiza mipira moja kwa moja, bila kona wala madoido, hadi wakanipa jina la Sindano. Gervasi yeye alikuwa na njia za ajabu. Angeacha mpira ulio karibu, akazunguka meza nzima akichungulia, kisha akapiga ukingo huu na ule hadi mpira mwingine kabisa uingie upande wa pili. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa namwambia baada ya mchezo aache maringo, apite njia fupi kama mimi. Alikuwa anacheka tu, anakunywa chai yake.

Kisha baba mkwe wake akafariki, shamba la Muyinga likabaki bila mtu, na mke wake Jovina akataka warudi kwao. Gervasi alikuja dukani kuaga. Nilimshonea shati bila malipo, nikamwambia asitusahau, na nikampa pole kwa kwenda kucheza na watu wasiojua kuingiza. Ndivyo nilivyokuwa nimevimba kichwa.

Nikapewa mwenzi mwingine, Urbano, fundi wa kuchomelea milango. Urbano anapiga mpira kana kwamba umemtukana mama yake. Ukiingia, unaingia kwa kishindo, na ule mweupe unakwenda unakotaka wenyewe. Tukaanza kushindwa. Tulishindwa na vijana wa sokoni, tukashindwa na waliotoka Itaba kununua mbolea, watu waliopita tu kunywa chai. Sindano ikawa haitungi. Nililalia meza, nikajinyoosha hadi mbavu zikauma, nikapiga, na mpira ukakwaruza ukingo wa tundu ukatoka. Nililaumu chaki. Nililaumu kitambaa cha meza, ambacho nilikitandika mimi mwenyewe. Urbano nilimlaumu kila siku, na yeye, mtu mpole kuliko mikono yake, aliendelea kupaka chaki fimbo yake.

Ilyasi, mkuu wa timu yetu, muuza viatu ambaye hajawahi kunigombeza, alinifuata dukani wiki chache kabla ya Idi. Alishika kitambaa hiki, akashika kile, akauliza bei ya uzi. Nilijua ana jambo. Mwishowe akalitoa, Kifaransa kikidondoka humo kama kawaida yetu.

“Shakila, mi sina ubaya na we. Mais timu iko ya wote. Twende Muyinga, tuone. Kama pale pia inakataa, donc fimbo unampa Abubakari, we unakaa kidogo.”

Abubakari ni mpwa wake, kijana mrefu, kila mpira anaufikia. Nilimwambia Ilyasi kwamba nimemsikia, nikashona mkono wa shati upande usio wake, nikaufumua, nikaushona tena vibaya. Nilikuwa sina mume wala mtoto wa kunipa jina lingine pale mtaani. Nilikuwa Shakila mshonaji kama washonaji wengine, na nilikuwa Sindano. Jina la pili nililipata kwa mikono yangu, na sikutaka kulitoa.

Kesho yake nilimwomba Faridi ufunguo nikaingia chumbani kwake kabla ya wateja. Nilitaka kurudia mipira yangu niliyowahi kuiingiza. Ya mashindano naikumbuka kama nguo za harusi nilizoshona, kila moja na mwenyewe. Nikaweka mpira mweupe pale ulipokuwa mwaka ule tulipowafunga Muyinga kwao, nikapiga, ukaingia. Nikaweka mwingine, ukaingia. Kila nilichokumbuka kiliingia, kwa hiyo mkono wangu haukuwa na ugonjwa. Nilifurahi, halafu nikashtuka, kwa sababu niliona kitu.

Nilichukua chaki yangu ya ushonaji, ile bapa tunayochorea vitambaa. Nikazunguka meza nikijinyoosha kadiri ninavyoweza bila kuumia, mguu mmoja chini, na kila mkono ulipokoma nikachora. Nilipomaliza kulikuwa na mstari mweupe unaozunguka meza ndani ya kingo zake, kama upindo. Katikati kukabaki eneo kubwa ambalo si langu. Nikarudisha mpira mweupe pale ulipokuwa katika kila pigo nililolikumbuka, pigo baada ya pigo. Yote yalikuwa nje ya mstari, upande wangu, karibu na ukingo. Hata moja halikuwa katikati.

Nilikaa kwenye kiti cha Faridi. Mpira mweupe haujiendei wenyewe. Kabla yangu, kila mara, aliyepiga alikuwa Gervasi.

Yale maringo yake nikayaona sasa kwa jicho lingine. Alikuwa haangalii mpira anaouingiza tu. Alikuwa anaangalia mweupe utalala wapi, na palipofaa kulala ni pale mkono wangu unapofika. Miaka yote ile alinitandikia, mimi nikalala nikasema kitanda nimetandika mwenyewe. Na hakuwahi kusema. Wakati wa mchezo sheria ilimkataza, lakini kwenye chai je? Angeweza kunipasha mara moja tu, siku ile nilipomwambia aache madoido. Alicheka, akanywa chai. Nililia kidogo, si kwa aibu, ni kwa jinsi nilivyotunzwa bila kujua. Faridi aliingia akaona chaki juu ya meza yake, akanifokea hadi jirani wakasikia, nami nikachukua brashi ya nguo nikaifuta nikiwa bado nafuta machozi, naye akaenda kuwasha jiko la chai.

Jioni nilimwita Urbano. Neno nililomwambia sikuwa nimewahi kumwambia mtu. “Urbano, mi sifikagi katikati.”

Alinitazama akidhani namtania. Nikachora mstari tena, Faridi akiwa hayupo, nikamweleza. Urbano akauliza kwa nini sikusema toka mwanzo, nami nikampa fimbo. Basi tukafanya mazoezi. Nilimfundisha kupiga kama anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Ilitaka subira, na mimi na subira hatujawahi kupatana, lakini kidogo kidogo ule mweupe ukaanza kusogea kwangu. Nami nilijifunza jambo lililokuwa jipya kwangu kabisa: nikishindwa kuingiza, si lazima nipige kwa hasira. Naweza kuuacha mweupe mahali ambapo anayekuja baada yangu ataupata kwa taabu.

Kilichoninyima raha kilikuwa kimoja. Kwa simu tulipata habari kwamba Gervasi sasa anachezea Muyinga. Ule mstari wangu, yeye anaujua bila chaki.

Mafuta ya gari yalipatikana Ijumaa usiku, Jumamosi tukaondoka alfajiri, tukapita Karuzi, tukafika Muyinga wenyeji wakiwa wametandika mikeka. Meza yao iko katika ukumbi wa Waziri, muuza vitenge, na ni kubwa kuliko yetu. Jovina alinikumbatia. Gervasi alikuwa amevaa lile shati nililomshonea, kola imeanza kuchakaa. Nilitaka kumwambia pale pale nilichokigundua, lakini Ilyasi alikuwa amenitolea macho, na nikaona asante inayosemwa kabla ya mchezo inaweza kusikika kama kuomba huruma. Nikaimeza.

Tulipangwa wa mwisho, mimi na Urbano dhidi ya Gervasi na Rachid, mdogo wake Waziri. Wenzetu wengine walikuwa wamegawana ushindi sawasawa. Kwa hiyo pilau ya siku hiyo, na fimbo yangu, vilikuwa juu ya meza moja. Anayeshinda michezo miwili kati ya mitatu ndiye mshindi.

Gervasi hakunionea huruma hata chembe. Mchezo wa kwanza, kila aliposhindwa kuingiza na zamu ikawa yangu, mweupe ulikwenda kutulia katikati kabisa, kwenye lile shamba lisilo langu. Nilijinyoosha, nikakwaruza, nikakosa. Watu wa Muyinga wakaanza kucheka, mmoja akauliza kama Gitega kumekosekana viti vya kusimamia. Tukashindwa. Nilimtazama Gervasi kwa hasira, kisha hasira ikaniishia njiani, kwa sababu alikuwa ananichezea kama mchezaji. Angeniachia mpira mmoja wa huruma, ningejua, na nisingemsamehe.

Mchezo wa pili niliamua kufanya alichonifanyia yeye. Zamu yangu ilipokuwa haipo, sikutazama mipira. Nilimtazama yeye. Na hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kushoto, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Vidole viwili vya mwisho vya mkono ule vimekunjamana na havinyooki. Mlango wa lori ulivibana kambini akiwa mtoto. Nilivijua, nilikuwa nimeviona akipokea kikombe miaka na miaka. Lakini sikuwa nimewaza vinamfanya nini mezani. Anayepiga biliyari huweka mkono wa kushoto juu ya meza ili fimbo ipite juu yake. Ukiwa wazi, unaulaza tu. Lakini mpira mwingine ukikaa nyuma ya mweupe, inabidi mkono usimame juu ya ncha za vidole, fimbo ipite juu ya mpira ule bila kuugusa. Mkono wa Gervasi unalala. Kusimama hausimami.

Na mimi, nilipokuwa mwenzi wake, nilikuwa naupiga mweupe na kuuacha popote. Mara ngapi niliuacha umebanwa na mpira nyuma yake? Ndiyo maana alikuwa anazunguka meza nzima akichungulia. Alikuwa anatafuta njia ya kupigia mpira ambao mimi nilimwachia vibaya, na bado, katika njia hiyo hiyo ya shida, anahakikisha mweupe unalala pale ninapofika. Moyo ulinijaa hadi nikasahau zamu yangu, Ilyasi akakohoa.

Tulishinda mchezo wa pili kwa mkono wa Urbano, aliyepiga kwa upole hadi watu wa Gitega wenyewe wakashangaa.

Mchezo wa tatu ulikwenda hadi mwisho. Sisi tulibakiwa na mipira miwili ya mistari na ule mweusi wa kumalizia. Wao walibakiwa na mmoja wa rangi tupu na ule mweusi. Rachid akapiga, akakosa, na mweupe ukatulia katikati. Zamu yangu. Mpira wetu mmoja ulikuwa mdomoni mwa tundu la kona ya mbali. Mtu mrefu angeuingiza akipiga mluzi. Wa pili ulikuwa umesimama pembeni, karibu na tundu la kati. Wa kwao ulikuwa ng'ambo ya meza. Na baada yangu, nikikosa, anayepiga ni Gervasi.

Nilisikia Abubakari akivuta pumzi nyuma yangu. Mpira wa kona ulikuwa unaniita. Shakila wa mwaka jana angelala juu ya meza, angepiga kwa nguvu zote, na angeomba Mungu. Nilizunguka hadi upande wa pili, ambako nikijinyoosha hadi kuumia ncha ya fimbo iliweza kuugusa mweupe kwa kukingama, ingawa bila nguvu. Nikausukuma taratibu, taratibu mno, uende kwa ule mpira wetu wa pembeni. Uliugusa kwa sauti ndogo, ukabaki umeuegemea. Watu wa Muyinga wakaguna wakidhani nimeogopa.

Gervasi hakuguna. Ili aufikie mpira wake ng'ambo, fimbo yake ilipaswa ipite juu ya mpira wetu. Mkono ulipaswa usimame.

Aliutazama mweupe kwa muda mrefu. Alizunguka meza kama kawaida yake, akarudi palepale. Kisha akanitazama mimi, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo mtu anayekaribia kushindwa hana sababu ya kuwa nayo. Alijaribu kusimamisha vidole, vikakataa. Akapiga hivyo hivyo, fimbo ikagonga mpira wetu kwanza, na hilo ni kosa. Zamu ikaja kwetu pamoja na pigo moja la ziada.

Urbano aliuingiza ule wa kona, na mweupe, kwa ule upole tuliofanyia mazoezi, ukarudi ukalala karibu na ukingo mbele ya tumbo langu. Sikuhitaji hata kuinua kisigino. Nikauingiza wa pembeni katika tundu la kati, Urbano akamalizia na mweusi. Ilyasi alinishika mabega mbele ya kila mtu, akasema kwamba fimbo ibaki ilipo. Alijua kusema kwa kifupi.

Gervasi alikuja akanipa mkono, ule wa kushoto, si kwa dharau; aliniwekea vile vidole katika kiganja changu.

“Leo umenitazama, dada,” akasema.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu ile asubuhi ya chaki. Yote yalitoroka. “Gervasi, mi nimeona,” nikamwambia. “Yote. Ile ulikuwa unaniwekea. Asante. Asante sana, na Mungu akuwekee na we hivyo hivyo.”

Alisema hakuna cha kushukuru, mchezo wa wawili ndivyo ulivyo, kambini mdogo asipoufikia mpira meza nzima inalala. Nikamkatalia. Nikamwambia kipo cha kushukuru, na safari hii asicheke akanywa chai, anisikie. Basi akasimama akanisikia mpaka mwisho, macho chini, na Jovina akawa anatabasamu mlangoni na mwiko mkononi, maana Muyinga walikuwa wameshaanza kukaanga vitunguu.

Pilau ikiwa jikoni, Waziri alisema meza isilale bure. Nikamwomba Urbano aniazime kwa mchezo mmoja. Nikasimama upande wa Gervasi tena, dhidi ya Urbano na Rachid. Zamu yangu ya kwanza kulikuwa na mpira rahisi mbele yangu, moja kwa moja, wa kisindano kabisa, lakini ningeupiga, mweupe ungebanwa na mingine nyuma yake. Nikauacha. Nikazunguka meza nikichungulia, Ilyasi akauliza kwa sauti maringo haya nimeyatoa wapi. Nikachagua mgumu zaidi wa ukingoni, nikapiga. Ukaingia, na mweupe ukajiviringisha hadi mahali pa wazi, bila kitu chochote nyuma yake. Gervasi akasogea, akaulaza mkono wake juu ya kitambaa, akapiga.